Mgagaa na Upwa: Winga, Jasho na Lugha Yetu

Kuna sifa ambayo mchezaji wa mpira akipewa kwa Kiswahili inampasa aanze kuingiwa na wasiwasi. Sifa yenyewe ni "mpambanaji". Mtangazaji akimwita mtu fundi, ujue ameona kitu: chenga, pasi ya kupenyeza, mpira uliotulizwa kifuani kana kwamba umetundikwa msumarini. Akimwita mpambanaji, mara nyingi alichokiona ni jasho. Ndugu za neno hilo tunazijua: anajituma, mchapakazi, ana mapafu ya mbwa. Yote ni maneno mazuri, na yote yanatumika kama yale tunayomwambia mgeni tukiwa tunamsindikiza mlangoni.

Simon Msuva amekuwa akisindikizwa mlangoni kwa maneno haya kwa zaidi ya miaka kumi. Nimeyasikia redioni, nimeyasoma magazetini, nimeyasikia barazani. Nayaandikia hapa kwa sababu naamini yanamficha mtu badala ya kumwonesha, na kwa sababu namna tunavyomzungumza winga anayekimbia sana inafanana mno na namna tunavyomzungumza kila kijana anayefanya kazi sana.

Kwa wasiofuatilia mpira, wasifu wake kwa ufupi ni huu. Amezaliwa Dar es Salaam mwaka 1993. Alijiunga na Yanga mwaka 2012, akachukua nao ubingwa wa ligi mara nne. Msimu wa 2014/15 alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 17, na msimu wa 2016/17 akaishika tena nafasi hiyo, mara hii akigawana na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting, kila mmoja akiwa na mabao 14. Mwaka 2017 akaenda Morocco, klabu ya Difaâ El Jadida. Mwaka 2020 akahamia Wydad Casablanca. Baada ya hapo alicheza Saudia na Al-Qadsiah, Algeria na JS Kabylie, Saudia tena na Al-Najma, kisha Iraq na Al-Talaba ya Baghdad.

Simama kidogo kwenye yale mabao 17. Winga hakuwekwa uwanjani ili awe mfungaji bora. Kazi aliyopewa kwa desturi ni kukaa kwenye chaki, kumchosha beki wa pembeni, kupiga krosi, na timu ikipoteza mpira arudi kumsaidia beki wake. Bao ni la straika. Winga akiongoza orodha ya wafungaji mara moja, unaweza kusema alibahatika msimu huo. Akiongoza mara mbili ndani ya misimu mitatu, kuna jambo analolijua ambalo wenzake hawalijui, na mkosoaji aliyelipwa kuutazama mpira angepaswa kutuambia ni jambo gani. Tuliambiwa kwamba anajituma.

Ukitaka kuona tatizo lilivyo, vitazame vitenzi vya vichwa vya habari zetu za michezo. Mchezaji "atua", "atimka", "aula", "atemwa", "avunja ukimya". Ni vitenzi vya safari na vya fedha. Mtu anafika, anaondoka, anapata, anafukuzwa, anasema. Baina ya kutua na kutimka kuna miezi kumi ya mazoezi ya asubuhi, lugha ya kigeni kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kocha asiyekuamini na beki wa kushoto unayepaswa kumsoma kabla hujakutana naye. Hayo hayana kitenzi. Kwa hiyo maisha ya mtu aliyecheza katika nchi tano yanabaki kuwa orodha ya viwanja vya ndege.

Ninakaa Mtoni, upande wa pwani ya barabara inayokwenda Bububu, na mechi kubwa naziangalia kwenye banda la mabati ambalo feni yake inazunguka pale inapojisikia. Banda la mpira ndiyo chuo chetu cha uhakiki. Watu wanakanusha, wanatoa ushahidi, wanakumbushana mechi za miaka ya nyuma kama wanasheria. Januari 2024, kwenye fainali za AFCON zilizochezwa Ivory Coast, tulikuwa hapo kuangalia Tanzania na Zambia. Dakika ya 11 Mbwana Samatta akapata mpira, akasogea nao, akautoa, na Msuva akaumalizia wavuni. Banda likalipuka. Lilipotulia, kijana mmoja aliyekaa mbele yangu akasema maneno niliyokwisha kuyasikia mara mia: "Lakini huyu mpira hana, ni mbio tu. Kaukuta pale."

Nyuma yake alikaa mzee mmoja wa mtaani kwetu, mvuvi aliyekwisha kuacha bahari. Akamgusa bega.

"Mwanangu, nani alimwambia kuwa mpira utafika pale?"

"Si bahati tu, babu."

"Bahati! Yule kaondoka zamani. Wewe ulikuwa unamwangalia Samatta."

Kijana akacheka, nasi tukacheka, mechi ikaendelea. Zambia wakabaki kumi uwanjani kabla ya mapumziko, na bado walisawazisha dakika ya 88 kwa kichwa cha Patson Daka kutokana na kona ya Clatous Chama, mtu ambaye nusu ya banda lile lilikuwa likimshangilia kila wiki akiwa Simba. Tulitoka tumenuna. Kauli ya mzee nilitoka nayo, nami naiona kuwa ndiyo uhakiki bora wa Msuva niliopata kuusikia. Wewe ulikuwa unamwangalia Samatta. Wote tulikuwa tunamwangalia Samatta. Macho yanafuata mpira, na mtu anayefanya kazi yake bila mpira anakuwa amejificha mbele ya kadamnasi.

Yapange mabao yake ya timu ya taifa uone. Machi 2019, Tanzania na Uganda kwenye Uwanja wa Taifa, mechi iliyotupeleka AFCON baada ya kuisubiri tangu mwaka 1980: bao la kwanza, dakika ya 21, Msuva. Juni mwaka huohuo, Cairo, dhidi ya Kenya, dakika ya sita: Samatta anapiga shuti, kipa anautema mpira, na aliyekwisha kufika ulipodondokea ni Msuva. Kisha hilo la Zambia. Novemba 2024, dhidi ya Guinea Dar es Salaam, tukihitaji ushindi ili tufuzu tena: bao moja tu, dakika ya 61, Msuva. Desemba 2025, Rabat, dhidi ya Uganda: penalti, Msuva.

Tanzania imecheza fainali za AFCON mara nne: 1980, 2019, 2023 na 2025. Katika hizo tatu za zama zetu, Msuva amefunga kila moja, na hakuna Mtanzania mwingine aliyefanya hivyo. Mwaka 2023, bao lake dhidi ya Zambia ndilo bao pekee tulilofunga kwenye mashindano yote. Mtu akifika mahali sahihi mara moja, sawa, tuiite bahati. Akifika kwa miaka saba mfululizo, chini ya makocha tofauti, dhidi ya mabeki tofauti, mwenye jukumu la kujieleza si yeye tena, ni sisi tunaomwita mtu wa mbio tu.

Wahenga wa pwani walisema mgagaa na upwa hali wali mkavu. Tunaitumia methali hii kuwahimiza watoto kujibidiisha, na tunaifundisha shuleni kana kwamba inasema: hangaika, utapata. Lakini mtu aliyekulia karibu na upwa anajua kwamba methali ina maana pana kuliko hiyo. Maji yakitoka huku kwetu Mtoni na Maruhubi, watu wanateremka ufukweni, na si kila anayeteremka anarudi na kitoweo. Anayerudi nacho anajua leo ni bamvua au maji mafu. Anajua maji yataanza kurudi saa ngapi. Anajua pweza anakaa kwenye shimo la namna gani na kwamba shimo lenye maganda ya kome mlangoni lina mwenyewe ndani. Ukimwangalia kutoka barabarani, utaona mtu anazurura tu kwenye matope. Kugagaa kwake ni elimu, ila ni elimu isiyojitangaza.

Winga ni mgagaa na upwa kwa maana hii kamili. Anaishi ukingoni mwa uwanja. Dakika themanini kati ya tisini mpira hauko naye. Katika dakika hizo anakimbia mbio nyingi ambazo hazizai kitu, na nyingine anazikimbia akijua kabisa hatapasiwa, ili tu beki amfuate na mwenzake apate nafasi. Anapoona krosi inaandaliwa upande wa pili, yeye huanza safari ya kwenda nguzo ya mbali kabla mpigaji hajainua kichwa. Akichelewa hatua moja, amekosa. Akiwahi hatua moja, ameotea. Huo ndio ufundi. Tofauti yake na ule wa chenga ni kwamba haupendezi kwenye video ya sekunde kumi na tano, na siku hizi mchezaji ambaye hakai kwenye sekunde kumi na tano ni kama hajazaliwa.

Kuna mahali ambapo lugha ya mchezo imejifunza kuuona ufundi wa aina hii. Nchini Slovakia alizaliwa winga wa hoki ya barafuni aitwaye Marián Hossa. Hoki ya barafuni hatuna, na barafu yenyewe Mtoni tunaijua ya mifuko, ya ubuyu na ya ukwaju. Lakini kisa chake kina somo. Hossa alifunga mabao zaidi ya 500 katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini, na pamoja na mabao hayo, wapenzi wa mchezo ule wanamkumbuka sana kwa kurudi nyuma. Timu yake ikipoteza kile kisahani cheusi wanachokitumia badala ya mpira, yeye alikuwa akigeuka, akamkimbiza mpinzani kutoka mgongoni na kumpokonya. Mbio hizo za kurudi zina jina lake maalumu katika lugha ya mchezo wao. Makocha wanazifundisha, waandishi wanazichambua, watazamaji wanazipigia makofi. Wana hata hesabu inayompa mchezaji alama moja timu yake inapofunga yeye akiwa uwanjani, na kumnyang'anya moja inapofungwa, hata kama hakuugusa mchezo wenyewe. Ni hesabu yenye kasoro zake, lakini angalau inakubali kwamba mtu asiye na mpira yupo.

Na wasifu wake umesimuliwa kama kisa. Mwaka 2008 alifika fainali na Pittsburgh, akashindwa. Akahamia Detroit, timu iliyomfunga. Mwaka 2009 akafika fainali tena, na safari hii Pittsburgh alioawaacha wakamfunga yeye. Akaenda Chicago, na mwaka 2010 akalibeba kombe, kisha akalibeba tena 2013 na 2015. Fainali tatu mfululizo akiwa na timu tatu: mwandishi yeyote wa huko anajua kwamba hapo kuna hadithi ya mtu na kazi yake. Sisi tuna mtu aliyefunga katika AFCON tatu, akivuka kutoka Dar hadi El Jadida, Casablanca, Saudia, Algeria na Baghdad, na tumeandika kwamba ametua, kisha ametimka.

Sasa nifike kwenye sehemu ya maisha ya Msuva ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko bao lolote. Ni ile siku aliyoacha kukimbia.

Mwaka 2021, akiwa Wydad, klabu ambayo alikuwa ametoka kutwaa nayo ubingwa wa Morocco, uliibuka mgogoro wa malipo yake. Akarudi nyumbani, akapeleka shauri FIFA. Akakaa miezi bila klabu, katika umri ambao winga anauhesabu kila mwezi. Mei 2022 Wydad wakaifunga Al Ahly na kutwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, yeye hayupo. Uamuzi wa FIFA ulipotoka, ulikuwa upande wake.

Nakumbuka vijiwe vilivyokuwa vikisema wakati ule. Angevumilia. Ameichezea bahati. Medali ya Afrika imempita kwa sababu ya hela. Aliyekuwa akisema haya ni mtu yuleyule aliyekuwa akimsifu kwa kujituma, na nadhani hakuona kuwa kauli zake mbili zina mzizi mmoja. Ukishaamua kwamba thamani ya mtu ni uvumilivu wake, siku anapokataa kuvumilia unaona amekiharibu kile kitu pekee ulichokuwa unampendea. Mpambanaji hadai. Mpambanaji anakimbia. Fundi akigoma, tunasema anajua thamani yake. Mchapakazi akigoma, tunasema amelewa sifa.

Mwaka mmoja baadaye kisa kilirudi, na safari hii kilikuwa cha mtoto wa Unguja. Feisal Salum, Fei Toto, kiungo aliyepitia JKU kabla ya kuvuka bahari, aliingia kwenye mgogoro wa mkataba na Yanga mwishoni mwa 2022. Alisema anataka kuondoka. Klabu ikasema bado ni mchezaji wake. Kamati za shirikisho zikaketi na kumwambia bado ana mkataba. Nusu ya mwaka mzima kijana hakucheza. Mambo yalilainika Juni 2023, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuyasemea hadharani mbele ya viongozi wa klabu, na Fei akaenda Azam. Sibishani hapa nani alikuwa na haki kimkataba. Hilo ni la wanasheria. Ninachokiangalia ni lugha. Kwa miezi ile sita, Zanzibar nzima ilikuwa na maoni kuhusu tabia ya Fei: ana kiburi, amedanganywa, hana shukrani. Ni wachache sana niliowasikia wakiuliza mkataba wenyewe unasema nini. Tulikuwa na msamiati mpana wa adabu ya mfanyakazi, lakini wa haki ya mfanyakazi ulikuwa haujai kiganja.

Naona uzito wa jambo hili kwa sababu nami nimewahi kulipwa kwa neno hilohilo. Baada ya chuo nilijitolea kwenye ofisi moja kwa miezi tisa. Nilifungua mlango asubuhi, nilifunga jioni, niliandika ripoti ambazo wengine walizitia saini. Kila kikao mkuu wetu alinitaja kwa jina na kusema, "Huyu kijana ni mpambanaji." Watu walipiga makofi. Posho iliyoahidiwa haikuja hata mwezi mmoja. Nilipoiulizia, nilitazamwa kwa masikitiko, kana kwamba nimeivua ile nguo nzuri waliyonivisha. Najua nikiwauliza wasomaji wa ukurasa huu, wengi mna ofisi kama hiyo, au hoteli, au redio, au kampeni ya mtu. Kwa hiyo mtu akinambia kuwa maneno ya watangazaji wa mpira ni mambo madogo, namwambia hapana. Huko ndiko tunakofundishwa tangu utotoni kwamba jasho ni sifa, na kwamba mwenye sifa haombi malipo.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ni ya haki. Wapo wanaosema kwamba wakosoaji tunatia fumbo kwenye jambo jepesi. Msuva, wanasema, si Samatta. Hakuwahi kufunga Wembley kama Samatta alivyofunga akiwa na Aston Villa mwaka 2020, hakuwahi kutajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara kama Samatta alivyotajwa baada ya mwaka wake wa 2015 na TP Mazembe. Anapoteza mipira. Krosi zake nyingine zinaangukia jukwaani. Yote kweli, nami nimekaa bandani nikashika kichwa. Simwombei Msuva cheo kisicho chake. Ninachosema ni kwamba hata udhaifu wake hatuujui vizuri, kwa sababu neno "mpambanaji" linafunika vyote viwili. Halituambii anapokuwa mzuri ni kwa nini, wala anapokuwa mbaya ni kwa nini. Uhakiki wa kweli ungemkosoa zaidi kuliko tunavyomkosoa sasa, kwa sababu ungeanza kwa kumtazama.

Hili la kutazama na kuandika, sisi wa Mtoni hatuna udhuru nalo. Hatua chache kutoka tunapoangalia mpira yapo magofu ya jumba la Mtoni, alikozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844. Kuta zimebaki chache na nyasi zinaota zinapotaka. Lakini tunajua watu wa jumba lile waliishi vipi, walikula nini, nani aligombana na nani, kwa sababu Salme, akiwa Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, aliketi akaandika kumbukumbu zake na kuzichapisha mwaka 1886. Asingeandika, yale yangekuwa mawe tu ya mtu kuegemea akisubiri daladala. Na hata yeye aliandika ya ukoo wake wa kifalme. Wale waliokuwa wakiteka maji na kupika katika jumba lile hawakupata wa kuandika yao kwa mkono wao. Tangu zamani, wenye kukimbia bila mpira ndio wanaosahaulika kwanza.

Angalia timu yetu ya Zanzibar Heroes ya Desemba 2017. Mwaka ule tulikubaliwa CAF mwezi Machi na kuvuliwa uanachama mwezi Julai. Vijana wakaenda Kenya kwenye Chalenji, wakaifunga Tanzania Bara 2-1, wakawatoa Uganda kwenye nusu fainali, wakatoka sare ya 2-2 na wenyeji kwenye fainali ya Machakos na kupoteza kwa penalti. Mji ulisimama. Kocha wao, Hemed Suleiman "Morocco", ndiye huyohuyo aliyekabidhiwa Taifa Stars katikati ya AFCON ya 2023 na akawa benchi siku Msuva alipowafunga Zambia. Lakini waulize vijana wa leo hapa mtaani wakutajie mawinga wawili wa kikosi kile cha Machakos, na maisha yao yalikwendaje baadaye. Utapata ukimya. Wapo waliorudi kwenye vikosi vya KMKM na JKU, wapo waliovuka kwenda bara, na hadithi zao ziko vichwani mwa watu wanaozeeka kwenye mabaraza. Ligi ya Zanzibar inachezwa kila msimu, na wanaoicheza wanastaafu bila hata ukurasa mmoja ulioandikwa kwa utulivu.

Sidai kila mtu aandikiwe kitabu. Nadai makala. Makala moja yenye kumfuata beki wa kulia wa KMKM kwa wiki nzima: anaamka saa ngapi, analipwa na nani, goti lake la kushoto linasema nini kukiwa na baridi ya kipupwe. Makala ya mtu aliyekaa nyuma ya goli la Amaan, akaacha kuufuata mpira kwa dakika kumi, akamfuata winga mmoja tu, kisha akatuandikia alichokiona. Makala inayoeleza mkataba wa mchezaji kwa Kiswahili kinachoeleweka na mama yake. Hatuhitaji ruhusa ya shirikisho kufanya hivyo. Tunahitaji daftari na subira, na subira hiyo iwe ya mwandishi, tusimwachie mchezaji peke yake.

Desemba iliyopita kule Rabat, Msuva alikuwa na miaka 32. Alipoutenga mpira kwenye alama ya penalti dhidi ya Uganda, banda letu lilinyamaza mpaka ikasikika feni. Akafunga. Uganda walisawazisha baadaye, kisha tukapata sare nyingine na Tunisia kwa bao la Fei Toto, na kwa pointi zile mbili Tanzania ikaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yake, kabla ya Morocco kututoa kwa bao moja. Kwa maneno mengine, wale wawili waliotuhumiwa kwa kukosa uvumilivu ndio waliofunga mabao yaliyotuvusha.

Siku si nyingi Msuva atastaafu. Magazeti yataandika "atundika daluga", na watangazaji watasema tumempoteza mpambanaji. Ningependa siku hiyo awepo angalau kijana mmoja, ikiwezekana wa Mtoni, atakayeweza kusimama bandani na kueleza kwa utulivu yule mtu alikuwa akijua nini kuhusu nguzo ya mbali, aliondoka saa ngapi ili afike, na ni kwa nini mwaka 2021 aliamua kwamba kazi ikishafanyika lazima ilipwe.